Bob Marley alivyojigharimia safari kuimbia uhuru wa Zimbabwe

SAA chache kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa katika uwanja wa Rufaro mjini Salisbury, usiku wa Aprili 17, 1980, mwanamume mwembamba mwenye misokoto mirefu ya nywele alipanda jukwaani akiwa na gitaa lake.

Wageni wa heshima walikuwa wamefika kushuhudia kuzaliwa kwa taifa la Zimbabwe. Miongoni mwao walikuwa Mwanamfalme Charles wa Uingereza na Waziri Mkuu wa India, Bi Indira Gandhi. Bw Robert Mugabe, aliyekuwa ameshinda uchaguzi mwezi mmoja na nusu uliotangulia, alikuwa akisubiri kukabidhiwa hatamu za uongozi.

Nje ya uwanja walikuwa maelfu ya watu ambao hawakuwa na mwaliko. Walikuwa wakazi wa mitaa ya Waafrika iliyouzunguka uwanja huo, pamoja na wapiganaji waliokuwa wametoka msituni punde. Waliposikia muziki umeanza, walisukuma malango wakitaka kuingia.

Polisi waliwafyatulia vitoa machozi. Moshi ulivuka ukuta, ukatanda uwanjani na kufika hadi jukwaani. Waimbaji walikimbia wakijifunika nyuso, huku mwanamume yule akiendelea kuimba kwa muda kana kwamba hakuona lililokuwa likitendeka.

Huyo ndiye Robert Nesta Marley, maarufu kama Bob Marley, gwiji wa muziki wa rege kutoka Jamaica. Alikuwa amejilipia safari hiyo yeye mwenyewe, akasafirisha bendi na mitambo yake kutoka ng'ambo ili awaimbie watu waliopigania uhuru. Hao hao ndio waliokuwa wakikohoa na kutokwa na machozi nje ya ukuta.

Hakuna aliyejua kwamba maisha yake yalikuwa yamebakia mwaka mmoja na siku chache tu.

Mtoto wa kijijini

Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, jimbo la St Ann, kaskazini mwa Jamaica. Mamake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana Mweusi mwenye umri wa miaka 18. Babake, Norval Marley, alikuwa Mzungu aliyekuwa amemzidi mkewe umri kwa miongo kadhaa.

Mzee huyo hakuishi na familia yake. Alionekana kwa nadra mno, akafariki mwaka wa 1955 mwanawe akiwa na miaka 10. Kijana alilelewa na mamake pamoja na babu yake mzaa mama, na akakua akitaniwa na wenzake kwa sababu ya rangi yake iliyokuwa kati ya weusi na weupe.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, Cedella alihamia jiji kuu la Kingston pamoja na mwanawe. Waliishi Trench Town, mtaa wa walalahoi ambao mitaro yake ya majitaka na vibanda vyake vya mabati vingekuja kutajwa katika nyimbo zilizosikika kote duniani.

Marley aliacha shule akiwa na umri mdogo na akaanza kujifunza kazi ya kuchomelea vyuma. Jioni alijumuika na vijana wenzake, Neville Livingston, aliyejulikana baadaye kama Bunny Wailer, na Peter Tosh. Mwanamuziki Joe Higgs aliyekuwa akiishi mtaani humo aliwafunza namna ya kupatanisha sauti bila kudai hata senti moja.

Mwaka wa 1962 Marley alirekodi wimbo wake wa kwanza. Baadaye yeye na wenzake walianzisha kundi la The Wailers, na wimbo wao wa Simmer Down, uliowataka vijana wa mitaani kutuliza hasira, ukavuma kote kisiwani mwaka wa 1964.

Hata hivyo, umaarufu haukujaza chungu. Malipo yalikuwa haba kiasi kwamba mnamo 1966, muda mfupi baada ya kumuoa Rita Anderson, Marley alilazimika kumfuata mamake aliyekuwa amehamia Delaware, Marekani. Huko alifanya vibarua kwa miezi kadhaa akitafuta pesa za kuendeleza muziki wake.

Alipokuwa huko ndipo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alipoizuru Jamaica, Aprili 1966. Rita alikuwa miongoni mwa umati uliofurika kumlaki, na ziara hiyo ilichangia pakubwa familia hiyo kufuata imani ya Rastafari. Kuanzia hapo, Marley aliitazama Afrika kama nyumbani, ingawa hakuwa amewahi kukanyaga ardhi yake.

Ziara za kwanza

Safari za kimataifa za The Wailers hazikuanza vyema. Mwaka wa 1972 walijikuta mjini London bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Marley alibisha hodi kwa Chris Blackwell, mwenye kampuni ya Island Records, ambaye aliwapa pauni 4,000 za kurekodi albamu nzima.

Watu wengi katika biashara ya muziki walimwona Blackwell kuwa amepoteza pesa zake. Lakini vijana hao walirejea Jamaica wakafanya kazi, na mwaka wa 1973 albamu ya Catch a Fire ikatoka.

Mwaka huo huo walizuru Uingereza na Marekani. Mjini New York walitumbuiza katika ukumbi mdogo pamoja na Bruce Springsteen, ambaye wakati huo alikuwa bado hajapata jina. Baadaye walipewa nafasi ya kuifungulia jukwaa bendi maarufu ya Sly and the Family Stone, lakini wakatimuliwa baada ya maonyesho machache na kuachwa Las Vegas.

Mashabiki wa bendi hiyo hawakuwaelewa. Mdundo wa rege ulikuwa wa polepole, matamshi ya waimbaji yalikuwa ya Kijamaika, na mavazi yao hayakuwa ya kumetameta.

Bunny alikuwa tayari amekataa kusafiri tena kwa sababu ya baridi, chakula na maisha ya barabarani ambayo hayakuafiki imani yake. Naye Tosh hakukawia kujiondoa. Kufikia mwaka wa 1975 Marley alikuwa amebaki na jina la kundi, akaimarisha bendi yake kwa waimbaji watatu wa kike: mkewe Rita, Marcia Griffiths na Judy Mowatt.

Mambo yalibadilika Julai 1975, katika ukumbi wa Lyceum jijini London. Kwa siku mbili ukumbi ulifurika hadi pomoni, Wazungu kwa Weusi wakiimba pamoja naye. Maonyesho hayo yalirekodiwa na kutolewa kama albamu, na tangu hapo jina la Marley likawa la kuuza tiketi barani Ulaya.

Risasi na kidonda

Nyumbani Jamaica, umaarufu ulimletea hatari. Nchi ilikuwa imegawanyika kati ya wafuasi wa Waziri Mkuu Michael Manley na wale wa mpinzani wake, Edward Seaga, na magenge ya pande zote mbili yalikuwa yamejihami kwa bunduki.

Desemba 3, 1976, siku mbili kabla ya tamasha la bure ambalo Marley alikuwa ameahidi kutumbuiza, watu waliojihami walivamia makazi yake katika barabara ya Hope, Kingston. Marley alipata majeraha ya kifua na mkono. Mkewe alipigwa risasi kichwani ingawa alinusurika, naye meneja wake, Don Taylor, akajeruhiwa vibaya.

Wengi walidhani tamasha lingefutwa. Lakini Desemba 5, Marley alipanda jukwaani akiwa na bandeji na akaimba kwa saa moja na zaidi mbele ya umati wa makumi ya maelfu. Baada ya hapo aliondoka nchini akaishi London kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Ni wakati wa ziara yake ya Ulaya mwaka wa 1977 ambapo masaibu mengine yalimpata. Marley alipenda kandanda kama alivyopenda muziki, na alikuwa akicheza kila alikopata uwanja na muda. Katika mchezo mmoja jijini Paris aliumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Kidonda kilipokataa kupona, madaktari waligundua kwamba alikuwa na saratani ya ngozi.

Alishauriwa kidole hicho kikatwe. Alikataa. Imani yake haikumruhusu kuukata mwili, na isitoshe, alihofia kwamba hangeweza tena kucheza jukwaani wala uwanjani. Alikubali upasuaji mdogo tu wa kuondoa ukucha na sehemu ya nyama iliyoathirika, na ziara ya Marekani ya mwaka huo ikaahirishwa.

Uamuzi huo umejadiliwa kwa miaka mingi. Lililo wazi ni kwamba kuanzia hapo, kila ziara aliyoifanya ilikuwa ni mbio dhidi ya maradhi ambayo hakuyataja hadharani.

Aprili 1978 aliongoza tamasha la amani jijini Kingston. Humo aliwaita Manley na Seaga jukwaani, akaishika mikono yao na kuiunganisha juu ya kichwa chake. Mauaji hayakukoma, lakini picha ya tukio hilo ingali inakumbukwa. Juni mwaka huo alitunukiwa nishani ya amani mjini New York kwa niaba ya ujumbe wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa.

Afrika yamwita

Mwishoni mwa 1978 Marley alifika Afrika kwa mara ya kwanza. Alipitia Kenya kisha akaelekea Ethiopia, ambako alizuru Shashemene, eneo ambalo Mfalme Selassie alikuwa amewapa watu wenye asili ya Kiafrika waliotaka kurudi katika bara la mababu zao. Hakutumbuiza Kenya, jambo ambalo mashabiki wa rege humu nchini, ambao wamekuwa wakizisikiliza nyimbo zake katika matatu na redioni kwa miongo mingi, hawakosi kulisikitikia.

Mwaka uliofuata alifika mbali zaidi. Aprili 1979 alizuru Japani, New Zealand na Australia. Nchini New Zealand wenyeji wa jamii ya Maori walimlaki kwa heshima za kimila, na tamasha lake katika uwanja wa Western Springs, Auckland, liliwaachia vijana wa jamii hiyo mbegu ya muziki wao wenyewe wa rege.

Albamu yake ya Survival iliyotoka 1979 ilibeba bendera za mataifa ya Afrika katika jalada lake. Ndani yake mlikuwa na wimbo uliopewa jina la Zimbabwe, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa ikiitwa Zimbabwe Rhodesia na vita vya ukombozi vikiendelea. Wapiganaji waliupokea kama wimbo wao.

Lakini onyesho lake la kwanza barani lilikuwa kwingine kabisa. Januari 1980 alialikwa Libreville, Gabon, kutumbuiza katika sherehe za siku ya kuzaliwa ya Rais Omar Bongo. Wanabendi walikuwa na shauku ya kukutana na Waafrika wa kawaida. Badala yake waliwaimbia watoto wa vigogo na wageni waalikwa wa serikali.

Aidha, kulizuka mzozo kuhusu malipo ya safari hiyo baina ya Marley na meneja wake Don Taylor, na wawili hao wakaachana. Mtu aliyekuwa ameitamani Afrika tangu ujana wake aliondoka Gabon akiwa amemwimbia mtawala, na mwananchi hajamwona.

Kwa hivyo mwaliko wa Zimbabwe ulipomfikia miezi mitatu baadaye, hakusita. Hakuuliza malipo. Aliamua kugharamia usafiri wa bendi, mafundi na shehena ya vipaza sauti kutoka kwenye mfuko wake, ili mitambo iliyotumika Ulaya ndiyo itumike pia Salisbury.

Usiku wa Rufaro

Matayarisho yalifanywa kwa haraka mno. Jukwaa lilijengwa kwa siku chache, na mji ulikuwa umejaa wageni kutoka pembe zote za dunia.

Ratiba ya serikali ilitaka Marley atumbuize jioni hiyo ya Aprili 17, kabla ya sherehe ya bendera saa sita usiku. Uwanja wa Rufaro, ulioko katika mtaa wa Mbare, ulikuwa umetengewa waalikwa. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kwa kuwa wakazi wa Mbare waliusikia uhuru wao ukisherehekewa hatua chache kutoka milangoni mwao, na malango yakiwa yamefungwa.

Waliposukuma malango, polisi waliokuwa zamu walijibu kwa njia waliyoizoea tangu enzi za serikali ya walowezi. Nchi ilikuwa ikibadilisha bendera usiku huo, lakini kikosi kilichokuwa langoni kilikuwa ni kile kile.

Moshi ulipotanda, akina mama na watoto waliokuwa uwanjani walikimbia huku na huko. Rita na wenzake waliondoka jukwaani macho yakiwasha. Marley alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Utulivu uliporejea baada ya muda, alirudi akaendelea na nyimbo zake, ukiwemo ule aliouandikia taifa hilo. Wengi waliokuwa wamezuiliwa nje walikuwa wameingia kufikia wakati huo.

Saa sita usiku bendera ya Uingereza ilishushwa, na ile ya Zimbabwe ikapandishwa kwa mizinga na vifijo.

Marley hakuridhika. Usiku uliofuata alitumbuiza tena katika uwanja huo huo, safari hii malango yakiwa wazi kwa kila mtu bila malipo. Makumi ya maelfu walifika, wengi wao wakiwa ndio waliopigwa kwa moshi usiku uliotangulia. Hakukuwa na viti vya waheshimiwa wala mpaka baina ya walioalikwa na wasioalikwa. Wanabendi waliokuwepo waliliona tamasha hilo la pili kuwa ndilo lililowapeleka Zimbabwe.

Ziara ya mwisho

Mwezi mmoja na zaidi baadaye, Marley alianza ziara ya albamu yake ya Uprising mjini Zurich, Uswisi, Mei 30, 1980. Haikuwa imewahi kutokea kwa mwanamuziki kutoka nchi inayostawi kupokewa Ulaya kwa umati kama ule. Jijini Milan, Italia, uwanja wa San Siro ulijaa watu wanaokadiriwa kufika 100,000 mnamo Juni 27. Alipita Ujerumani, Ufaransa, Uhispania na Ireland, viwanja vikijaa kila alikokwenda.

Jambo moja lilimkera. Nchini Marekani, waliofika kwenye matamasha yake kwa miaka mingi walikuwa hasa vijana Wazungu wa vyuo vikuu, ilhali Wamarekani Weusi, ambao aliwaona kuwa ndugu zake, hawakuujali sana muziki wake. Vituo vya redio vilivyosikilizwa nao havikuucheza.

Ndiyo maana Septemba 1980 alikubali kutumbuiza pamoja na bendi ya The Commodores katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akikubali kutangulia jukwaani licha ya umaarufu wake. Kulikuwa pia na mipango ya kuzuru Marekani pamoja na Stevie Wonder, na huenda ziara hiyo ingemfungulia mlango alioubisha kwa muda mrefu.

Septemba 21, siku moja baada ya onyesho la pili la New York, Marley alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park. Uchunguzi ulionyesha kwamba saratani ilikuwa imeenea hadi kwenye ubongo. Licha ya hayo alisafiri hadi Pittsburgh, na mnamo Septemba 23 akatumbuiza katika ukumbi wa Stanley. Hilo likawa onyesho lake la mwisho. Ziara ilifutwa.

Alitibiwa New York na kisha kupelekwa Bavaria, Ujerumani, kwa Daktari Josef Issels, aliyesifika na kupingwa kwa mbinu zake zisizo za kawaida. Misokoto yake ya nywele ilikuwa imedondoka. Novemba mwaka huo alibatizwa katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia.

Matibabu yalipoambulia patupu, alianza safari ya kurudi Jamaica, lakini hakufika. Alifariki hospitalini Miami, Marekani, Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Siku kumi baadaye Jamaica ilimzika kwa heshima za kitaifa. Seaga, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, alitoa hotuba katika mazishi hayo, na Manley alihudhuria. Watu walijipanga kando ya barabara kutoka Kingston hadi Nine Mile, ambako Marley alilazwa karibu na nyumba alikozaliwa.

Hakuacha wosia, na mali yake ilizua kesi zilizochukua miaka mingi. Mkusanyiko wa nyimbo zake uitwao Legend, uliotolewa mwaka wa 1984, umeuza zaidi ya nakala milioni 25, idadi ambayo yeye mwenyewe hakuishuhudia kwa albamu yake yoyote.

Salisbury ilibadilishwa jina kuwa Harare mwaka wa 1982. Bw Mugabe, aliyekuwa kiongozi wa matumaini usiku ule, alitawala hadi alipong'olewa Novemba 2017, na katika miaka hiyo polisi wa Zimbabwe huru waliwafyatulia raia wao vitoa machozi mara nyingi.

Kwa wakongwe wa Mbare waliokuwepo, usiku wa kwanza na usiku wa pili wa Aprili 1980 ni vitu viwili tofauti. Wa kwanza ulikuwa wa serikali, na wa pili ulikuwa wao, waliofunguliwa malango na mgeni aliyekuja kwa nauli yake.